Bunduki ya shabaha huulizwa maswali matano, bunduki ya barabarani haiulizwi hata moja

Mlio wa bunduki usiku si habari mpya Lubumbashi. Katuba, Kampemba, Ruashi ao pembeni za Annexe, watu wanausikia, wanahesabu moja, mbili, tatu, wanazima taa. Asubuhi wanaulizana kama walikuwa majambazi ao polisi waliokuwa wanawafukuza. Lakini kuna swali ambalo karibu hakuna anayeuliza: zile risasi zilienda kuanguka wapi?

Kuna watu ambao swali hilo ndilo mwanzo wa kazi yao. Ni wale wanaofanya mchezo wa kupiga shabaha mbali. Mchezo huu ulikuwa ndani ya michezo ya Olimpiki tangu Athens 1896. Kuna wanaopiga mita 10 na bunduki ya upepo, na nukta ya katikati haizidi nusu milimita. Kuna wanaopiga mita 50, na duara ya katikati haifiki milimita 11. Kuna mashindano ya mita 300, na katika inchi zilizotawaliwa zamani na Uingereza kuna watu wanaopiga mpaka karibu mita 900. Mtu wa namna hiyo akienda kuchagua bunduki, haangalii kama inaogopesha. Anaiuliza maswali matano, na maswali hayo yanafaa kusikilizwa hapa Katanga, hata na mtu asiyetaka kushika bunduki maisha yake yote.

Swali la kwanza ni la mtutu. Ndani ya mtutu wa bunduki ya shabaha kumechongwa mifereji inayojipinda. Inaizungusha risasi ili iende imenyooka, kama vile mpira unaozunguka hewani. Mtutu wa mashindano ya mbali huizungusha risasi mara moja kila sentimita 25 ao 30, na mpiga shabaha anachagua mzunguko unaolingana na uzito wa risasi yake. Gobori halina mifereji hiyo. Katanga inalijua gobori tangu wakati wa Mwami Msiri wa Bunkeya, aliyekuwa akitoa shaba, pembe za tembo na watumwa ili apate bunduki na baruti, mpaka alipouawa kwa risasi tarehe 20 mwezi wa 12, 1891. Na bunduki za kutengenezwa kijijini, zile watu wanaita pupu, ni ndugu za gobori: mtutu laini, ao bomba la chuma tu. Hata aliyeitengeneza hawezi kusema risasi yake itapita wapi baada ya hatua chache.

Swali la pili ni la risasi yenyewe. Wapiga shabaha hununua risasi zilizotoka kiwandani siku moja, katika fungu moja, na kuzijaribu kwanza, maana tofauti ndogo ya baruti inaonekana mbali. Swali la tatu ni la kitako na kifyatuo: je, bunduki inakaa vizuri begani? Kidole kinaweza kuvuta bila kuitikisa? Ndiyo maana bunduki ya shabaha ni nzito, na mwenye kuipiga hulala chini, hutuliza pumzi, hupiga risasi moja, kisha hungoja. Swali la nne ni la jicho, ni kusema kilengeo ao darubini, na mahesabu yanayoenda nayo. Risasi haiendi kama kamba iliyovutwa. Ile ya milimita 7.62 inayotumiwa sana katika mashindano inashuka zaidi ya mita 10 ikifika mita 1000, na upepo wa kawaida wa kilometa 16 kwa saa unaweza kuisukuma pembeni zaidi ya mita 2. Hata hewa inahesabiwa. Lubumbashi iko kwenye urefu wa karibu mita 1200 juu ya bahari. Hapa hewa ni nyepesi, na risasi inaenda mbali kuliko ingeenda Mombasa ao Matadi.

Kosa la bunduki linakua pamoja na umbali. Bunduki nzuri inayoweka risasi zake ndani ya sentimita 3 kwenye mita 100 itaziweka ndani ya sentimita 30 kwenye mita 1000, na hapo upepo haujahesabiwa. Sasa ichukuliwe Kalashnikov, bunduki inayoonekana zaidi barabarani. Ilitengenezwa kwa vita ya karibu, mita 300 ao 400. Inahesabiwa kuwa nzima ikiweka risasi zake ndani ya duara ya sentimita 15 kwenye mita 100. Kwenye mita 300 duara hiyo imekuwa karibu nusu mita, na hiyo ni mikononi mwa mtu aliyetulia mchana, anayepiga moja moja. Ikifunguliwa ipige mfululizo, inatoa karibu risasi 10 kwa sekunde moja. Usiku, mtu anakimbia, moyo unadunda, pengine kuna pombe kichwani: hapo hakuna shabaha tena. Kuna kumwaga tu. Na risasi iliyokosa haifi palepale. Inaweza kwenda zaidi ya kilometa 2. Inatoka kartie moja, inaingia ingine.

Ndipo linakuja swali la tano, lililo kubwa kupita yote: nyuma ya shabaha kuna nini? Katika uwanja wa shabaha kuna kilima cha udongo kinachopokea kila risasi. Kuna bendera nyekundu, kuna mtu mmoja anayetoa amri, na akisema simama, wote wanaachia bunduki, hata bingwa. Kama hakuna kilima, hakuna anayepiga. Bunduki iwe ya bei gani, bila jibu la swali la tano inabaki kwenye sanduku.

Lubumbashi hakuna kilima nyuma ya shabaha. Kuna nyumba za watu. Kuna mabati, milango ya mbao, na kwa familia zilizokimbia vita na fujo kuna turubai. Mtu aliyetoka Mitwaba ao Pweto kwa sababu ya Maimai, aliyetoka Goma wakati mji ulipoanguka mwezi wa kwanza 2025 na hospitali kujaa majeruhi, hahitaji kufundishwa risasi iliyopotea ni nini. Alikimbia mlio huo. Akiusikia tena akiwa amelala na watoto chini ya turubai, kwake hakuna tofauti kati ya risasi ya jambazi na risasi ya askari aliyekuwa anaonya. Turubai haijui uniforme.

Wako wanaosema kwamba kupiga hewani kunaokoa maisha: afadhali askari apige juu kuliko kumpiga mtu. Hoja hiyo inasikika kuwa ya huruma, lakini inasahau kwamba kinachopanda kinashuka. Risasi iliyopigwa wima inarudi polepole kuliko ilivyopanda, lakini bado inaanguka kwa kasi inayoweza kupasua ngozi na hata kuvunja fuvu la mtoto. Iliyopigwa kwa kuinama ni mbaya zaidi, maana inabaki na nguvu nyingi na inatua mbali kabisa na mtu aliyeonywa. Kupiga hewani ni kupiga bila kujua nani atapigwa. Mpiga shabaha akifanya hivyo uwanjani, anafukuzwa siku hiyohiyo. Haiwezekani mchezo uwe na adabu kuliko kazi ya kulinda raia.

Wengine wanasema: majambazi wana bunduki, basi kila baba mwenye nyumba awe na yake. Hasira hiyo inaeleweka. Mji huu uliona Maimai wakiingia mpaka katikati tarehe 23 mwezi wa 3, 2013, na uliona makambi ya jeshi ya Kimbembe na Kibati yakishambuliwa tarehe 14 mwezi wa 2, 2021. Lakini baba huyo atapiga wapi saa nane ya usiku, umeme umekatika? Ukuta wa parseli yake ni mlango wa jirani. Bunduki aliyoinunua kwa siri haina mtu aliyeipima, risasi zake zimetoka sehemu kumi tofauti, na yeye mwenyewe hajawahi kulala chini kwenye uwanja na kupiga hata mara moja. Atakuwa ameongeza mtu mmoja wa kumwaga risasi kartieni. Na siku majambazi watakapokuja wengi, bunduki hiyo ndiyo kitu cha kwanza watakachochukua.

Sheria haikosekani. Tangu tarehe 3 mwezi wa 9, 1985, sheria-agizo nambari 85-035 inaongoza mambo ya silaha na risasi katika inchi hii, na raia hawezi kushika bunduki bila ruhusa ya serikali. Mapatano ya Nairobi ya 2004, ambayo Kongo ilitia sahihi, yanataka kila bunduki ya serikali iwe na alama na iandikwe. Mapatano mengine, yenye jina la Kinshasa, yalikubaliwa katika mji huohuo mwaka wa 2010 na kuanza kufanya kazi 2017. Kinachokosekana ni kuyateremsha mapatano hayo mpaka kwenye kambi ya polisi ya komini.

Kwa hiyo kuna mambo matatu ambayo wakuu wa jimbo, mameya na wakubwa wa polisi na jeshi wanaweza kufanya bila kungoja msaada wa nje. La kwanza, hesabu. Askari anapotoka na bunduki jioni, nambari yake iandikwe pamoja na idadi ya risasi, na asubuhi zihesabiwe tena. Kila risasi inayokosekana iwe na maelezo: ilipigwa wapi, kwa nini, kuelekea upande gani. La pili, uwanja. Mji wenye mamilioni ya watu na maelfu ya askari unastahili kuwa na mahali palipofungwa, penye kilima cha udongo, ambapo kila anayebeba bunduki mjini anapimwa kila mwaka. Asiyeweza kuweka risasi tano ndani ya sahani kwenye mita 50 asipewe zamu ya usiku kati ya nyumba za watu. La tatu, amri moja iliyo wazi: hakuna kupiga hewani, iwe kwa kuonya, kwa furaha ya mpira, kwa matanga ya mkubwa ao kwa sikukuu.

Na kwa bunduki zilizo tayari mikononi mwa raia, Katanga ina mfano wake. Katikati ya miaka ya 2000, shirika la PAREC la mchungaji Daniel Ngoy Mulunda lilikuwa linapokea bunduki kaskazini ya Katanga na kumpa mwenyewe baiskeli. Watu walicheka mwanzoni, lakini bunduki zilikuja. Mtu aliona kwamba baiskeli inaweza kubeba mkaa, mahindi na mgonjwa. Hesabu hiyo inaweza kufanywa tena leo, mradi anayeleta silaha asikamatwe mlangoni.

Wakati hayo yanangojewa, kila familia ifundishe watoto mambo machache. Mlio ukisikika, wote walale chini kabisa, mbali na dirisha na mlango. Bati na turubai havizuii risasi. Ukuta wa matofali ni bora, na kuta mbili ni bora kuliko moja. Hakuna kutoka nje kuangalia. Risasi iendayo kasi inafika mbele ya mlio wake, kwa hiyo kusikia mlio si ishara kwamba hatari imepita. Risasi ao kitu cha chuma kilichookotwa asubuhi kisiguswe na mtoto. Chefu wa kartie aitwe.

Mchezo wa shabaha utabaki mchezo wa wachache, na hakuna haja ya kuuleta kwa nguvu Lubumbashi. Lakini desturi yake ya kwanza inaweza kuletwa bila franka hata moja: kabla ya kidole kugusa kifyatuo, mtu ajue risasi itasimama wapi. Askari asiyejua jibu hilo aache bunduki ikiwa imefungwa. Na mkubwa wake asiyemuuliza, wanainchi wamuulize yeye.