Kabla ya kununua boti, tafuta raba yake

Nyuma ya nyumba yangu hapa Tingi, chini ya mkorosho, kuna boti nyeupe ya faiba yenye viti vya ngozi bandia. Kuku wawili wanataga kwenye kiti cha nahodha. Mabasi ya Lindi na Mtwara yanapita mbele ya nyumba, na abiria wakishuka kunyoosha miguu huniuliza kama nimeoteshwa gharika. Nawajibu kuwa gharika imeshapita, na ilipitia mfukoni mwangu.

Mimi ni mchuuzi wa samaki. Nanunua Somanga na nauza Dar es Salaam. Kwetu ni Umatumbini, kwa watu wa milima na mihogo, kwa hiyo jamaa zangu wa pwani waliposikia nimenunua boti walicheka hata kabla ya kuiona. Sababu yangu ilikuwa pweza. Kisiwani Songosongo wana utaratibu wa kufunga baadhi ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na siku ya kuifungua wanunuzi hukimbilia huko. Ukitegemea tanga na upepo ukakulalia, utafika mzigo umeshachukuliwa na barafu yako imekuwa maji. Mimi nilitaka mwendo.

Mwaka 2022 mdogo wangu aliyeko Dar alinitumia picha. Bei milioni tisa. Muuzaji alisema boti ni ya mwaka 1989 na ilikuwa ya matembezi tu, haijui shida. Tulipofika ilikuwa juu ya trela, nyuma imechomekwa mpira wa maji ya bomba. Akawasha. Injini ikanguruma dakika tatu, tukatazamana na mdogo wangu, tukatabasamu, nikalipa. Boti ile haikugusa bahari mbele ya macho yangu hata mara moja kabla sijalipa. Nilinunua ng'ombe wa maziwa kwa kumsikia akilia.

Niieleze kidogo, maana ubishi wangu wote umo humu. Boti nyingi za huku kwetu zina mashine ya kupachika. Inaning'inia nyuma, na ikiharibika unaifungua, vijana wanaibeba begani mpaka kwa fundi. Yangu ilikuwa ya aina nyingine. Injini imo ndani, kwenye boksi nyuma ya viti, ya petroli, haina tofauti kubwa na ya gari. Shafti inatoka kwenye injini, inapenya tundu lililotobolewa tezini, inaingia kwenye mguu wa aluminiamu ulio nje. Mguu huo ndio wenye gia na propela, na ndio unaogeuka kushoto na kulia badala ya usukani. Wenyewe wanaita stendraivu. Vijana wa Somanga waliuita mguu wa bandia.

Wazo lenyewe si baya. Volvo Penta ya Sweden ilianza kuuza mtambo wa namna hii mwaka 1959, na Mercury ya Marekani ikafuata mwaka 1961 na MerCruiser. Kwenye ziwa la maji baridi, boti ikipandishwa kwenye trela kila jioni na kuoshwa, mguu huo huishi miaka na miaka. Lakini sisi boti zetu zinalala majini. Mashine ya kupachika unaiinua yote ikabaki hewani. Mguu wa stendraivu hata ukiuinua, sehemu yake ya juu, pamoja na raba zake, bado inaoga chumvi usiku na mchana. Tena Somanga maji yakitoka, yanatoka kweli. Boti inakaa juu ya tope, na mguu unachimba.

Nilimpata fundi mmoja mtu mzima, wa Kilwa Kivinje, ambaye amezeeka na injini za majini. Nilidhani atafungua boksi la injini. Hakuligusa. Alikunja suruali, akapiga magoti kwenye tope nyuma ya boti, akawasha tochi ya simu na kuingiza mkono kati ya mguu na ubavu wa tezi.

"Mama, njoo ushike hapa."

Nikashika. Ilikuwa raba ya duara yenye mikunjo, kama ile inayofunika jointi ya tairi la mbele la gari.

"Ikoje?"

"Imekauka kama ng'onda, mzee wangu."

"Basi ng'onda hiyo ndiyo inayoizuia bahari isiingie ndani. Ndani yake ndimo inamopita shafti. Ikichanika, boti haitangoja dhoruba. Itazama hapa hapa imefungwa kamba, wewe umelala kwako Tingi." Akazima tochi. "Mwenda tezi na omo, mama..."

Hakuumalizia. Kila mtu wa pwani anajua marejeo ni ngamani.

Siku hiyo alinionyesha mengine mawili. La kwanza ni zinki. Chuma cha propela na aluminiamu ya mguu vikikaa pamoja kwenye maji ya chumvi, aluminiamu huliwa. Kwa hiyo hufungwa vipande vya zinki ili viliwe vyenyewe kwanza, mguu upone. Zangu zilikuwa zinang'aa, maana muuzaji alizipiga rangi pamoja na mguu wote ili upendeze picha. Zinki iliyopigwa rangi haifanyi kazi yoyote. Mguu ulikuwa unaliwa chini ya ile rangi, na kwa kisu kidogo fundi alibandua ganda lote, chini yake pakatoka unga mweupe.

La pili ndilo lililonikosesha usingizi. Mtu mmoja kabla yangu alibadilisha jenereta ya kuchaji betri, akafunga ya gari la kawaida. Mkanda ulikaa sawasawa na taa ziliwaka, kwa hiyo nani angejua? Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka na kutuama ngamani, chini ya injini. Jenereta na stata za boti ya petroli hufunikwa makusudi ili cheche isitoke nje. Za gari haziko hivyo, kwa sababu gari chini yake ni wazi na upepo unapita. Boti hizi pia huwa na feni ya kutoa mvuke, ambayo inatakiwa iwashwe dakika chache kabla ya injini. Yangu haikuwa ikizunguka. Nilikwishakwenda Songosongo na watu sita ndani ya boti hiyo.

Nikaanza kutafuta raba. Nilizunguka Gerezani na Kariakoo kule Dar siku mbili, na wauza spea walinitazama kama nimeulizia spea ya ndege. Kila mmoja aliomba namba ya mguu. Kibati chenye namba kilikuwa kimeliwa na kutu, imebaki herufi moja na nusu. Bila namba ni kubahatisha, kwa sababu kampuni ile ile ilibadilisha vipimo kadiri miaka ilivyokwenda, na muundo wa mguu wangu ilishaacha kuutengeneza. Shemeji yangu aliyeko Muscat akaniagizia Dubai. Ya kwanza ilikuja imezidi kipimo kwa unene wa kidole. Ya pili, laki sita na usafiri wake, ilifika Dar mwanzoni mwa Mei 2024.

Wanaoishi huku hawahitaji kukumbushwa Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilishusha mvua iliyokata barabara kuu pale Somanga, magari yakalala pande zote mbili. Basi lenye kifurushi changu likakwama kaskazini, iliko boti. Mimi na fundi tulikuwa kusini. Boti ilikuwa imevutwa juu kabla ya kimbunga, kama Mamlaka ya Hali ya Hewa ilivyotahadharisha. Upepo ulipotulia vijana wakairudisha majini kupisha vyombo vingine. Likaja bamvua la mwezi mwandamo. Usiku maji yakatoka, mguu ukakita chini, ng'onda ikachanika. Alfajiri nilipigiwa simu kuwa kinachoonekana ni omo peke yake.

Sikilaumu kimbunga, wala vijana. Simlaumu hata muuzaji kama nilivyokuwa nikimlaumu mwanzo. Nilikuwa na dakika tatu za kusikiliza injini, nami sikuuliza swali hata moja lenye maana. Katika daftari langu, milioni tisa zimekuwa kumi na nne, na safari za pweza nilizopata ni kumi na moja.

Wapo watakaosema vyombo vikuukuu ndivyo vinavyomfikisha mnyonge baharini, nami sibishi. Jirani yangu Somanga ana Yamaha ya kupachika iliyomlea yeye na sasa inamlea mwanawe. Imefunguliwa mara nyingi hata haina skrubu mbili zinazofanana. Lakini plagi zake, raba ya pampu ya maji na gia zake zinapatikana, na kijana wa kidato cha pili anajua kuifunga. Mashine yake na mtambo wangu zote ni nzee. Tofauti ni kwamba ya kwake ina ndugu kila bandari, na wa kwangu ni yatima.

Na kwa mitambo, uyatima huja bila taarifa. Kampuni ya OMC ya Marekani, iliyokuwa na injini za Johnson na Evinrude pamoja na stendraivu zake yenyewe, ilifilisika Desemba 2000. Jina la Evinrude likanunuliwa na Bombardier, na mwaka 2020 warithi wake nao wakaacha kutengeneza injini za jina hilo. Majina hayo yalikuwa makubwa duniani, na boti zenye injini zao bado zinauzwa na kununuliwa. Zinakuwa rahisi kwa sababu hiyo hiyo.

Kilwa si wageni wa vyombo. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji uliokuwa ukiishi kwa bahari, na katika mwambao huu palikuwa na mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za kumbi bila msumari. Chombo kikilegea, dawa yake ilikuwa imesimama ufukweni ikizaa madafu. Hata jahazi la juzi, pamba ya kukalafati, sifa na deheni havikuhitaji namba ya kibati. Sisemi turudi huko, pweza wangu watachacha. Nasema wazee walijua dawa iko wapi kabla ya kushusha chombo majini, na sisi tunashusha kwanza.

Kwa hiyo kijana unayetumiwa picha na ndugu yako aliyeko Dar, au Mombasa, au Dubai, usianze na bei. Anza na kibati: kama namba haisomeki, punguza bei au ondoka. Mwambie fundi wako, si wa muuzaji, avute mafuta ya gia ya mguu kwenye kikombe. Yakiwa meupe kama tui, maji yameshaingia. Shika raba kwa mkono wako. Ulizia dukani bei ya raba hiyo na ya pampu ya maji kabla hujalipa hata shilingi ya kishika uchumba. Kisha iendesheni baharini saa nzima, mrudi, mfungue boksi, muangalie ngamani.

Na wenye dhamana nao wana sehemu yao. Serikali imekuwa ikikopesha wavuvi boti za faiba, na Kilwa Masoko imepata mradi wa bandari ya uvuvi. Vyombo vitaongezeka, vipya na vikuukuu. Mkopo wa boti usiokuwa na spea wala fundi wa karibu ni mkopo wa nusu boti. Iandikwe kwenye zabuni kuwa muuzaji wa injini aweke akiba ya spea Kilwa, si Dar tu, na vijana wetu wapelekwe kusomea injini za majini. Mtwara kuna kampasi ya chuo cha uvuvi, pale Mikindani. Na mkaguzi wa vyombo vya majini wa TASAC anapomaliza kuhesabu majaketi okozi, namuomba apige magoti tezini kama yule mzee wa Kivinje, kisha afungue boksi la injini aulize feni iko wapi.

Boti yangu haijafa. Faiba yake ni nzima. Mguu tumeshaung'oa, na fundi amenishauri tutoe injini, tulizibe tundu la tezi kwa faiba nzito, tupachike mashine ya nje kama ya jirani. Kusi likipoa, itashuka, na kuku watahama.

Wiki iliyopita mnunuzi wa vyuma chakavu alisimama barabarani, akauona mguu umeegemea mkorosho, akatoa mzani wake. Alinitajia bei kwa kilo na ilikuwa bei nzuri. Nikamwambia arudi mwezi ujao. Kuna kijana wa Somanga ameonyeshwa picha ya boti kama hii, milioni sita tu, na amesema atakuja Ijumaa. Nataka kwanza aishike ile raba.