Mainjeniere, mumesahau walimu wenu wa shimoni

Kwenye mukutano wa mainjeniere waliosoma pamoja hapa Lubumbashi, siye wa sendika tulialikwa. Tulicheka nabo wakikumbuka staji ya kwanza shimoni: giza, matope, kofia kuanguka. Lakini nani aliwafundisha kugonga jiwe la juu na kusikia kama linalia tupu? Wazee wasio na diploma. Hakuna aliyewataja.

Mwaka 2003, kwa « départ volontaire », Gécamines iliachana na wafanyakazi zaidi ya 10.000, na ujuzi wao ukaenda nabo. Leo vijana wa kampuni ndogo wanashuka bila muzee wa kuwaonyesha, na karatasi ya usalama munasaini ninyi. Waiteni wale wazee, bado beko. Wafundishe vijana, na walipwe.