Mashua ndogo ya kuokoa watu ikitengenezwa upya, makovu yake yasifutwe

Katika mji wa South Shields, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, pale mto Tyne unapoingia baharini, kuna jumba la makumbusho lenye mashua ndogo ya bati. Mtu mmoja anaweza kuibeba bila msaada. Haipendezi sana kwa macho, na imepita zaidi ya miaka 230 tangu itengenezwe. Ni mfano wa mashua ya kuokoa watu, uliotengenezwa na William Wouldhave, mpaka rangi za nyumba ambaye pia alikuwa karani wa kanisa la mtaa.

Wengi wakiona kitu kama hicho kimekwaruzwa na kupindika, wazo la kwanza ni moja: kipigwe msasa, kipakwe rangi nyekundu na buluu, kiwekwe kwenye kioo kiwake. Mafundi wazuri wa mbao na bati wa Goma na Bukavu wangemaliza kazi hiyo kwa siku mbili. Kazi ingekuwa nzuri, na ingekuwa kosa.

Sababu inaanza mwaka 1789. Mwaka huo meli iitwayo Adventure ilikwama kwenye mchanga mdomoni mwa mto Tyne, upepo ukiwa mkali. Haikuwa mbali. Watu maelfu walisimama ufukweni wakiwaona mabaharia wameshikilia kamba za milingoti, kisha wakiwaona wanaanguka majini mmoja mmoja. Mashua za wavuvi zilikuwepo, lakini hakuna aliyethubutu kuziingiza katika mawimbi yale. Mtu aliyesimama kwenye bandari ya Kituku tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024 hahitaji kuelezwa zaidi.

Siku ile boti Merdi ilitoka Minova ikielekea Goma. Ilikuwa imebaki kidogo tu ifunge kamba, ikalala upande mbele ya macho ya watu, ikazama. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alitangaza siku ileile kwamba ilibeba watu 278 na kwamba waliokufa ni 78. Barabara ya Minova kupitia Sake ilikuwa imekatwa na vita. Wamama wa biashara, wanafunzi na familia za wahami hawakuwa wamechagua ziwa kwa kulipenda. Ziwa lilikuwa ndiyo barabara iliyobaki.

Kule South Shields wakubwa wa mji walikutana baada ya msiba, wakatangaza zawadi ya gini 2, yaani sarafu 2 za dhahabu, kwa atakayeleta mfano wa mashua inayoweza kwenda katika bahari mbaya na kurudi. Hadithi inayosimuliwa kule ni kwamba Wouldhave alikuwa amemsaidia mwanamke kujitwika maji kisimani, akaona kipande cha bakuli la mbao kilichovunjika kinaelea juu ya maji. Alikigeuza kichwa chini, kikarudi chenyewe. Akakigeuza tena, kikarudi. Iwe hivyo au sivyo, mfano alioupeleka ulikuwa na tabia hiyohiyo. Ncha zake mbili zimeinuka juu sana na ndani yake mna koki, lile gome jepesi la mti linalofungia chupa. Mashua ya namna hiyo ikipinduka inabaki imeegemea ncha mbili nyembamba, na uzito wote wa chini unakuwa juu. Haiwezi kutulia hivyo. Wimbi dogo linatosha kuirudisha.

Wakubwa wale walimpa gini 1, nusu ya zawadi. Alikataa kuipokea. Kazi ya kujenga mashua yenyewe alipewa Henry Greathead, fundi wa mashua wa mji huohuo, na tarehe 30 Januari 1790 mashua yake iliyoitwa Original ilitoka baharini kwa mara ya kwanza. Ilikuwa na koki nyingi ubavuni na iliokoa watu wengi, hakuna ubishi. Lakini haikuwa na uwezo wa kujigeuza yenyewe ikipinduka. Wazo lile la mpaka rangi liliachwa kwenye bati lake. Mwaka 1802 Bunge la Uingereza lilimpa Greathead pauni 1,200. Wouldhave alikufa mwaka 1821 akiwa mtu wa kawaida. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1851, Mtemi wa Northumberland alipotoa zawadi nyingine, ambapo mifano na michoro 280 ililetwa na mshindi, James Beeching, alikuwa na mashua inayojigeuza. Miaka zaidi ya 60! Hakuna anayejua mabaharia wangapi walifunikwa na mashua zao katika muda huo.

Hapo ndipo mfano mdogo unapata uzito wake. Ni ushahidi. Unaonyesha kwamba jibu lilikuwa mezani tangu mwanzo, na kwamba aliyelileta hakuwa tajiri wala mhandisi. Fundi akija na msasa wake na kulainisha kila pembe, akifunika viungo vya kulehemu kwa rangi nene, ataondoa alama za mkono wa mtu huyo. Kitakachobaki ni pambo, na mapambo yanauzwa kila mahali.

Mfano wa mashua ya zamani unaowekwa ili utazamwe tu, bila kuelea tena, una masharti yake, na mengi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Hauhitaji kuzuia maji. Hauhitaji mota. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuujaza gundi ya kisasa kila ufa. Kazi ya kwanza haiguswi kwa mkono: ni kupiga picha pande zote, kupima, na kuandika kila kilichovunjika. Vipande vilivyodondoka, hata kasia la ukubwa wa njiti ya kiberiti, vinatiwa katika bahasha na kuandikwa vilikotoka. Vumbi linatolewa kwa burashi laini. Uchafu ulioganda unafutwa kwa pamba iliyoloweshwa kidogo tu, na mafundi wa makumbusho wanakiri bila aibu kwamba mate ya mtu mara nyingi yanafanya kazi kuliko sabuni.

Gundi iwe ile inayoweza kuyeyushwa baadaye, kwa sababu atakayekuja miaka 50 mbele anaweza kujua zaidi. Kipande kipya kikibidi kuwekwa, kitengenezwe vizuri lakini kisijifanye cha zamani. Kiwekewe alama kwa chini ili mwenye kuchunguza atambue. Rangi ya zamani isikwanguliwe. Mara nyingi ina risasi ndani, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa bati, adui ni unyevu. Kwa mbao ni wadudu na joto linalopanda na kushuka. Sanduku la kioo, kivuli, na kitako kinachoshika tumbo la mashua sehemu mbili au tatu badala ya kuiacha iegemee ubavu, vinasaidia kuliko makopo kumi ya vanishi. Kamba zilizooza ndizo ngumu kuliko zote, na hapo fundi mwenye busara mara nyingi anaacha.

Atauliza mtu: mambo haya yanamsaidia nini mhami aliyelala chini ya turubai? Swali ni la haki. Kuna mtu ambaye hana hata sufuria, na hapa panasemwa habari za koki na burashi. Ila mhami huyo huyo ndiye aliyepanda boti bila jile. Aprili 2019, boti nyingine ilipozama upande wa Kalehe na watu wapata 150 kukosekana, Rais Tshisekedi alifika akaamuru kila msafiri wa ziwa avae jile ya kuokolea. Miaka 5 baadaye Merdi ikazama ikiwa imejaa kupita kiasi. Amri ilikuwepo. Kilichokosekana ni kitu cha kuikumbusha kila asubuhi, mbele ya anayekata tiketi na mbele ya anayeinunua, na mtu wa kusimama hapo kukataa boti isiondoke.

Mji wa Goma unajua kazi ya kitu kinachosimama bila kutumika. Chukudu ya rangi ya dhahabu ipo pale Rond-point Chukudu, na hakuna anayeibebesha makaa. Kila mtoto anajua ni heshima kwa wanaosukuma mizigo. Lakini kwa waliokufa ziwani hakuna kitu cha namna hiyo kinachojulikana na kila mkaaji. Kule Redcar, si mbali sana na South Shields, kuna mashua ya uokoaji iitwayo Zetland, iliyojengwa na Greathead mwaka 1802 na kuokoa watu zaidi ya 500. Mwaka 1864 ilikuwa ivunjwe iwe mbao tu. Wakaaji walikataa. Walikuwa wavuvi na familia zao, watu wasio na pesa, na mpaka leo ipo, ndiyo ya zamani kuliko zote za aina yake zilizobaki duniani. Hawakungoja serikali iwaambie kwamba ni mali.

Ziwa Kivu lina mafundi wake. Wapo Idjwi wanaochonga mitumbwi, wapo wanaounganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu kwa ajili ya kuvua sambaza usiku. Mmoja wao akitengeneza mfano wa boti ya kuokoa watu kwa kipimo kidogo, na mwingine akichukua boti ndogo ya zamani iliyovunjika akairekebisha kwa uangalifu, bandari itakuwa na kitu cha kuonyesha. Na kuna faida moja ambayo picha ukutani haina: mtoto akipewa beseni la maji na nakala ya mfano ule wa Wouldhave, aigeuze kichwa chini kwa mkono wake, ataelewa kwa dakika moja kwa nini mzigo uliopangwa juu ya paa la boti unaua. Ile ya asili ibaki kwenye kioo. Nakala iingie majini hata mara mia, ikivunjika itatengenezwa nyingine. Bati la makopo halikosekani.

Hatari ipo pia, na isifichwe. Viongozi wanapenda kufungua sanamu, kukata utepe, kupigwa picha, kisha jile zilezile zinabaki zimefungiwa stoo. Mashua ndogo kwenye kioo bila mashua kubwa ya kweli ya uokoaji pale Kituku, yenye mafuta na watu wanaolipwa kuiendesha, ni dhihaka kwa familia zilizozika na zile ambazo hazikupata hata mwili wa kuzika. Vikibidi kuchaguliwa kimoja, ichaguliwe ile ya kweli. Lakini bei ya kioo na burashi haiwezi kuwa ndiyo iliyozuia kununua boti, na asidanganywe mtu kwa hoja hiyo.

Kama kitu hicho kikiwekwa siku moja, kibao chake kiseme wazi jina la boti, tarehe, idadi ya watu waliopakiwa na idadi ya jile zilizokuwamo. Kiandikwe kwa Kiswahili na kwa Kihavu, maandishi makubwa, kwa kimo cha mtu aliyekaa juu ya gunia lake la maharage, kwa sababu abiria wa Minova husubiri boti wakiwa wamekaa.