“Sitaki” ya Kijana Mbele ya Ustawi wa Jamii

Kwenye familia zetu zilizohamia England, watu wa ustawi wa jamii wakitajwa tu, kila mtu ana la kusema. Mengi yanayosemwa kuhusu haki ya kijana kuwakataa hayamo kwenye Sheria ya Watoto ya 1989.

Wanasema akitimiza miaka 16 anaweza kuwafungia mlango. Hawezi. Sheria ile humhesabu mtoto hadi atimize 18, na kifungu cha 47 kinailazimu halmashauri kuchunguza ikiwa na sababu za msingi za kushuku kwamba anadhuriwa vibaya. Kijana anaweza kunyamaza akihojiwa. Kusimamisha uchunguzi hawezi.

Wengine husema mtoto hana kauli kabisa. Basi wasome kifungu cha 44: hata pale mahakama ilipotoa amri ya dharura ya kumlinda na kuagiza apimwe na daktari, mtoto mwenye uelewa wa kutosha anaruhusiwa kukataa kipimo. Ila katika kesi iliyoripotiwa mwaka 1993, Mahakama Kuu ilitumia mamlaka yake ya asili kupuuza kukataa kwa binti wa miaka 15. Kwa hiyo kauli anayo, lakini si lazima iwe ya mwisho.

Eti familia ikikataa msaada inapelekwa mahakamani? Msaada wa kifungu cha 17 ni wa hiari. Amri ya malezi, ile inayomweka mtoto mikononi mwa halmashauri, inahitaji ithibitike kwamba mtoto anadhurika vibaya au yuko hatarini kudhurika. Kukataa peke yake hakutoshi. Na akishatimiza 17, amri hiyo haiwezi kutolewa tena.

Dai linaloniudhi zaidi ni hili: kijana wa miaka 16 aliyefukuzwa nyumbani aachane na ustawi, achukue chumba cha hosteli kupitia idara ya nyumba, eti ni yale yale. (Anayetoa ushauri huu kwa kawaida ni mjomba ambaye hajawahi kuisoma sheria yenyewe.) Kukataa ni haki yake, lakini kuna gharama. Akipewa makazi chini ya kifungu cha 20, anakuwa mtoto aliye chini ya matunzo ya halmashauri. Akitunzwa kwa jumla ya wiki 13 tangu alipotimiza 14, na sehemu ya muda huo ikiwa baada ya kutimiza 16, anastahili mshauri wake binafsi, na anaweza kuomba msaada huo hadi umri wa miaka 25. Aliyeingia hosteli kama mpangaji asiye na makao hapati hayo. Mwaka 2009, katika kesi dhidi ya halmashauri ya Southwark, majaji wa House of Lords waliamua kwamba halmashauri haiwezi kulikwepa jukumu lake la kifungu cha 20 kwa kumsukumia kijana idara ya nyumba. Kabla hajatia saini kwamba hataki, aulize kwanza anapoteza nini, na ajibiwe kwa maandishi.

Mzazi naye asijidanganye: kijana wa 16 au 17 akiyakubali makazi hayo, pingamizi la baba au mama haliyazuii.