Betri Iliyofungiwa: Haraka ya Nani, Hasara ya Nani?



Simu ya mkononi si chombo cha anasa tena. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, simu imekuwa mfuko wa fedha wa mkulima, daftari la muuza samaki, na njia ambayo kijana aliyeko mjini humtumia mama yake kijijini fedha za dawa. Simu ikizimika, mfuko umefungwa. Kwa hiyo suala la betri si la wapenda mitindo peke yao. Ni suala la haki ya mnunuzi juu ya mali yake, na hatuna budi kulitazama kwa macho makavu.

Tulipotoka

Wengi wetu tunaikumbuka simu ya tochi, Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003. Kifuniko chake cha nyuma kilifunguka kwa vidole, na betri ikatoka. Ilipochoka, mwenye simu alinunua nyingine dukani na kuiweka mwenyewe, bila fundi wala kibali cha mtu. Aliyekuwa na betri mbili alitumia moja huku nyingine ikichajiwa kwenye chaja ya kobe, ile inayobana betri peke yake.

Mwaka 2007 kampuni ya Apple ilitoa iPhone ya kwanza, ambayo mnunuzi hakuweza kuifungua. Samsung iliendelea kuweka betri ya kutolewa katika simu zake kuu mpaka Galaxy S5 ya mwaka 2014. Mwaka 2015 Galaxy S6 nayo ikafungwa. Leo betri ya simu janja iliyo nyingi imegandishwa kwa gundi ndani ya bodi, na kuifikia hutaka kifaa cha kupasha moto, vibanio, na mkono usiotetemeka.

Tulichopewa badala yake

Badala ya betri ya kutolewa tumepewa kuchaji kwa haraka. Chaja za simu janja za kwanza zilitoa wati 5 hivi. Mwaka 2023 kampuni ya Realme ilionyesha simu inayopokea wati 240, na ambayo hujaa kwa takribani dakika kumi. Matangazo yanatuuliza: ya nini kubeba betri ya pili, ikiwa ya kwanza hujaa kabla chai haijapoa?

Hatusemi kwamba kuchaji haraka ni uovu. Muuguzi wa zamu na dereva wa safari ndefu wanafaidika nako kweli. Wala hatusemi kwamba huko ndiko peke yake kunakoua betri, kwa maana wahandisi wamejitahidi kuigawa betri sehemu mbili na kuchunga joto lake. Tunalosema ni hili: kuchaji haraka hujibu swali la leo, yaani simu itajaa kwa muda gani. Betri ya kutolewa hujibu swali la mwaka wa tatu, yaani simu hii itaendelea kuwa hai, na kwa gharama ya nani. Tumeuzwa jibu la swali la kwanza kana kwamba ni jibu la swali la pili.

Betri ya lithiamu huzeeka, ichajiwe haraka au polepole. Kila inapojazwa na kutumika, sehemu ndogo ya uwezo wake hupotea isirudi tena, na joto huongeza upotevu huo. Kwa miaka mingi kipimo cha kawaida kilikuwa kwamba baada ya kujazwa mara 500 betri ibaki na asilimia 80 ya uwezo wa awali. Kwa anayechaji kila siku, hiyo ni chini ya miaka miwili. Chaja ya wati 240 hairudishi hata tone moja la uwezo uliopotea. Hulijaza upesi tu pipa ambalo limekwisha kupungua.

Mwezi wa Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisizimike ghafla. Ikapunguza bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na mwaka 2020 mamlaka ya Ufaransa ikaitoza faini ya euro milioni 25 kwa sababu haikuwaarifu wateja. Tulipime jambo hilo. Mtu aliona simu yake imekuwa nzito, akadhani imezeeka, kumbe kilichozeeka ni betri. Kama angeweza kuitoa na kuweka mpya, angejua ukweli siku hiyo hiyo.

Mzigo unamwangukia nani?

Kwanza, unamwangukia asiye na umeme wa uhakika. Paneli ndogo ya jua ya wati 10 haiwezi kutoa zaidi ya wati 10, hata simu iwe imeandikwa 100 au 240. Haraka inayotangazwa ni haraka ya mwenye umeme imara na chaja halisi. Mwanakijiji anayelipia kuchaji kibandani angenufaika zaidi na betri mbili: moja aiache kwa mwenye kibanda, nyingine aondoke nayo. Sasa betri imefungiwa ndani, hivyo huiacha simu nzima, pamoja na fedha na siri zake, mikononi mwa mtu mwingine kwa saa kadhaa. Je, kuna tajiri anayeacha pochi yake dukani ili ijazwe?

Pili, unamwangukia anayenunua simu iliyotumika. Simu nyingi za namna hiyo hutufikia kupitia Dubai, baada ya mtu mwingine kufaidi miaka yake mizuri. Mnunuzi wa kwanza alipata betri changa. Wa pili anapata ile iliyochoka, na imefungiwa. Mkataba wa Bamako, uliotiwa saini mwaka 1991 na kuanza kutumika mwaka 1998, unakataza kuingiza taka za hatari barani Afrika. Lakini simu itakayokufa baada ya miezi michache haiitwi taka bandarini, huitwa bidhaa. Inakuwa taka ikiwa tayari mikononi mwetu.

Tatu, unawaangukia wanaochimba. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, katika eneo la Kolwezi na jirani zake, ambako wachimbaji wadogo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili kama sisi, huingia mashimoni kwa hatari ya uhai wao. Kuitupa simu nzima kwa sababu ya betri moja ni kudharau jasho hilo. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Visingizio

Twaambiwa kwamba simu inayofunguka itaingiza maji. Galaxy S5 ilifunguka kwa kucha na ikahimili maji mwaka 2014. Galaxy XCover6 Pro ya mwaka 2022 ina betri ya kutolewa, inahimili maji na vumbi, na huchajiwa kwa wati 15. Kampuni ya Fairphone ya Uholanzi nayo ilitoa mwaka 2023 simu ambayo mtumiaji huibadilisha betri kwa mikono yake. Basi yanayowezekana kwa wachache yanashindikana vipi kwa wengi?

Twaambiwa pia kwamba betri bandia ni hatari. Ni kweli, nazo zimejaa mitaani. Lakini mtu hulazimika kununua bandia pale ambapo halisi haipatikani. Dawa ya bandia ni kuleta halisi kwa bei ya haki, si kuufunga mlango kwa gundi.

Tufanye nini?

Umoja wa Ulaya umekwisha kuamua. Kanuni yake juu ya simu, iliyoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025, inadai mtumiaji aweze kubadilisha betri mwenyewe. Au, simu ikibaki imefungwa, betri ihifadhi asilimia 83 ya uwezo baada ya kujazwa mara 500 na asilimia 80 baada ya mara 1000, na simu yenyewe ihimili maji na vumbi. Sheria ya betri ya mwaka 2023 nayo imeweka tarehe 18 Februari 2027 kuwa mwanzo wa kudai betri za vifaa vidogo kwa jumla ziweze kutolewa na mtumiaji. Mlango wa pembeni umeachwa, lakini mnunuzi wa kule amepewa haki ya kudai. Wa kwetu je?

Tunapendekeza mambo matatu. Kabla ya kununua, muulize muuzaji: betri hubadilishwa vipi, kwa bei gani, na halisi hupatikana wapi? Asipojua, hiyo nayo ni habari. Pili, vikundi vyetu viwaandikie wabunge na mashirika ya viwango, TBS na KEBS, kudai masharti yale yale ya Ulaya kwa simu zinazoingia nchini, zisije zikakataliwa kule zikaletwa kwetu. Tatu, tuwathamini mafundi wa Kariakoo, wa Luthuli na wa vijijini: wapewe mafunzo na betri halisi, na kila jumuiya iwe na mahali pa kukusanyia betri zilizovimba, badala ya kuzitupa shimoni au kuzichoma.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hawakukataza mwendo, walionya dhidi ya mwendo unaotusahaulisha tunakokwenda. Kitu ulichokilipia, halafu ukakatazwa kukifungua, bado hujauziwa chote. Tudai kilichobaki.