Fundi wa umeme: tuulize cheti kwanza



Tarehe 2 Februari 2022, kwenye soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, waya mkubwa wa umeme ulikatika ukaanguka kwenye maji ya mvua. Watu 26 walikufa, wengi wao wamama wauzaji. Waya ule haukuwa wa kibanda, lakini ulitufundisha: umeme na maji havikai pamoja, na sisi ndio tunaosimama kwenye matope.

Hata sisi tulikosea. Tulitoa pesa ya likilimba, tukaita kijana wa bei rahisi atuvutie umeme kwenye meza zetu. Friza ya samaki ilipowashwa, waya wake mwembamba uliyeyuka. Mtoto aliyelala chini ya meza tulimtoa mbio. Samaki wakaoza, deni likabaki.

Sasa, mbele ya kutoa hata franka moja, tunauliza:

- Ulisomea wapi? Aonyeshe cheti cha shule ya ufundi au cha INPP.
- Waya huu unaweza kubeba friza?
- Dijonkta na waya wa ardhini utaweka wapi?
- Utaandika bei na kutia sahihi? Nusu tunalipa mwanzo, nusu kisha kujaribu vyombo vyote.

Fundi mwenye kujua kazi hachukii maswali hayo. Naye tusimpunje: bei yake ni ndogo kuliko matanga.

Na binti anayependa kazi hii tusimzuie. Kesho ni yeye tutamwita.