Mzunguko wa Dunia na Mvua ya Shamba Lako

Mkulima wa Kapsokwony atakapo kujua kama mvua i karibu, hutazama juu mlimani. Wala si ujinga kufanya hivyo. Mchana jua hupasha moto miteremko ya Elgon, hewa hupanda, mawingu hukusanyika, na alasiri mvua hunyesha. Lakini sehemu kubwa ya unyevu huo huletwa na pepo zitokazo mbali, na pepo hizo hupindwa na mzunguko wa dunia. Yafaa tuelewe jambo hili, maana lagusa chakula chetu.

Dunia huzunguka kuelekea mashariki. Mtu aliye kwenye Ikweta huchukuliwa kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa, wala hahisi lolote, kwa kuwa ardhi na hewa vyaenda pamoja naye. Mbali kaskazini, penye latitudo 60, mwendo huo ni nusu tu, kwa sababu duara yake ni ndogo. Basi upepo uondokao Ikweta kwenda kaskazini hubaki na mwendo wake wa kwanza, ukaitangulia ardhi iliyo chini yake, ukapinda kuume. Upande wa kusini, upepo hupinda kushoto.

Wenye majahazi wa pwani waliyajua matokeo yake tangu zamani. Kusi hutoka bahari ya kusini ikielekea kaskazini-magharibi. Ikiisha kuvuka Ikweta hugeuka kuume, ikafika Bara Hindi kutoka kusini-magharibi.

Kutoka Ikweta hata Kapsokwony hapafiki kilomita 100, na hapa nguvu hiyo ya kupinda ni ndogo mno. Tufani za baharini haziwezi kuzunguka bila nguvu hiyo, kwa hiyo hazizaliwi karibu na Ikweta. Hilo ni jambo la kushukuru.

Walakini mtu asidhani kwamba tufani ya mbali haimhusu. Usiku wa tarehe 14 Machi 2019, tufani iliyoitwa Idai iliupiga mji wa Beira, Msumbiji, zaidi ya kilomita 2,000 kusini kwetu. Hewa yenye unyevu ilivutwa kule, na mvua za masika zikachelewa katika Kenya. Mwaka uliotangulia mambo yalikuwa kinyume. Machi 2018, tufani Dumazile na Eliakim zilipita upande wa mashariki wa Madagascar, zikavuta juu yetu upepo wa magharibi wenye unyevu, na mvua ikanyesha kwa wingi.

Basi, ndugu mkulima, endelea kuutazama mlima, lakini usikilize pia taarifa ya hali ya hewa katika redio kabla hujatia mbegu udongoni. Ukisikia tufani imetajwa, uliza iko upande gani wa Madagascar. Ikiwa magharibi, kati ya kisiwa hicho na Msumbiji, usifanye haraka kupanda katika udongo mkavu. Ikiwa mashariki, safisha mitaro yako, na wakaao penye miteremko mikali wajihadhari na maporomoko. Hii si kanuni isiyokosea, bali ni afadhali kuliko kubahatisha. Mbegu na mbolea hununuliwa kwa fedha, na msimu ukipotea haurudi.